Atatoka Lini?

Maneno yaliyosemwa Kaaga, Meru, mbele ya waumini na wanaharakati, juu ya haki za wagonjwa wa akili waliolazwa wodini



Mlipotualika mlitazamia tuseme juu ya Katiba na uchaguzi, kwa kuwa ndiyo desturi ya mikutano yetu. Katiba tutaisema, lakini kwa uchaguzi mtatuwia radhi. Leo tumekuja kusema juu ya wananchi wasio na mgombea anayewatafuta, maana Ibara ya 83 ya Katiba ya mwaka 2010 yaruhusu wanyimwe kura pindi watangazwapo kuwa hawana akili timamu. Tunasema juu ya wagonjwa wa akili, na hasa wale ambao mlango wa wodi umefungwa nyuma yao.

Kabla sheria haijarekebishwa mwaka 2022, mama mmoja alitujia ofisini akitoka miinuko ya kaunti hii. Alikuwa amefunga karatasi mbili katika pembe ya leso yake. Ya kwanza ilikuwa kadi ya hospitali ya kaka yake. Ya pili ilikuwa nakala ya mapatano ya kuuza shamba la kaka huyo, na mahali pa sahihi palikuwa na alama ya kidole gumba. Kaka huyo alikuwa mwalimu. Mtu aliyefundisha watoto kuandika kwa miaka zaidi ya ishirini, akitia mkono wake kwenye karatasi, hutia kidole gumba?

Hatutalitaja jina lake, wala kijiji chake, wala hospitali. Ugonjwa wake ulikuwa wa kweli. Alikuwa akitembea usiku, akijibizana na sauti ambazo wengine hawakuzisikia, na siku moja alionekana sokoni akiwa nusu uchi. Polisi walimchukua, akapelekwa wodini, akadungwa sindano, akapewa vidonge. Baada ya majuma machache alitulia. Tangu hapo hakuna aliyekuja kumchukua, kwa kuwa wale ambao wangefaa kuja walikuwa wamekwisha kupima shamba. Dada yake alipotujia, miezi kumi na minne ilikuwa imepita.

Tulikwenda hospitalini tukauliza swali ambalo kila wakili huuliza mtu anapofungiwa: kwa karatasi gani? Tulioneshwa faili yenye orodha ya dawa. Hapakuwa na ombi la jamaa, wala maandishi ya daktari ya kupendekeza alazwe bila hiari, wala nyongeza ya muda. Nani alimleta? Polisi. Nani aliamua akae mpaka leo? Muuguzi alitutazama kwa huruma, naye hakuwa mtu mbaya; alikuwa peke yake zamu ile na wodi nzima mikononi mwake. Tulipomwona mwalimu mwenyewe, tulidhani atauliza juu ya shamba. Aliuliza jambo moja tu: “Wakili, nitatoka lini?”

Swali hilo sisi wa harakati hii tunalijua. Wengine wetu tulikuwa bado tukivaa kaptura za shule mwezi Julai 1990, Kenneth Matiba na Charles Rubia walipotiwa kizuizini, lakini twakumbuka jinsi wazee walivyoteremsha sauti walipoyataja majina yao. Mfungwa aliyehukumiwa ana tarehe yake. Anaweza kuhesabu. Aliyewekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani hakuwa na tarehe, na kutokuwa na tarehe ndiko kulikomvunja zaidi ya njaa na baridi. Makanisa yetu yaliwaombea watu hao hadharani, na wakati mwingine yalilipia gharama ya maombi hayo. Twajiuliza kwa uchungu kidogo: ni mara ngapi tumeomba kwa jina kwa ajili ya mtu aliyemo wodini?

Desemba 1991 Bunge letu lilikifuta kifungu cha 2A, kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kwa sheria tangu mwaka 1982. Mwezi ule ule, tarehe 17, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha kanuni za kuwalinda wagonjwa wa akili: kwamba mtu asilazwe kwa nguvu bila utaratibu, na kwamba awepo mtu huru wa kuipima upya hali yake. Na mwaka huo huo Sheria yetu ya Afya ya Akili ilianza kutumika. Tulishangilia habari ya kwanza mpaka koo zikakauka. Hizo nyingine mbili zilitupita bila kuziona.

Isidhaniwe kwamba jambo hili liko mbali na siasa. Hospitali ya Mathari, Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1910 na serikali ya kikoloni kwa kuwafungia wale iliowaita wendawazimu. Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa kule Bukusu, aliyewaambia watu wasiitii serikali ya mzungu, alipelekwa Mathari katika miaka ya arobaini na kuwekwa humo hadi mwaka 1947. Kama alikuwa mgonjwa au hakuwa, hakuna mahakama iliyompa nafasi ya kubishana na jambo hilo kama mtu huru. Daktari aliyeisimamia Mathari zamani zile, J. C. Carothers, aliandika kwamba akili ya Mwafrika yafanana na ya mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Na Hali ya Hatari ilipotangazwa, serikali ikamwita tena aeleze ni maradhi gani ya roho yaliyowasukuma watu kula kiapo cha Mau Mau. Kitabu chake kilitoka mwaka 1954. Babu zetu wa Meru na Embu, waliotiwa kambini kwa sababu ya kudai ardhi, waliandikwa humo kama watu wenye kasoro ya akili. Kwa hiyo anayesema wodi ya wagonjwa wa akili haihusiani na uhuru, na amwulize babu yake.

Kwingineko mambo yalikuwa hivyo hivyo. Katika Urusi ya Kisovieti wapinzani wa serikali walitiwa katika hospitali za akili, hata ilipofika mwaka 1983 chama cha madaktari wa akili wa nchi ile kikajitoa katika chama cha ulimwengu kabla hakijafukuzwa. Somo tulilolipata huko ni la kisheria: kuta za hospitali zikiwa hazina dirisha la mahakama, yeyote aweza kuwekwa ndani yake, mgonjwa na asiye mgonjwa.

Sasa tuje kwenye sheria yenyewe, na mtuvumilie, maana hapa ndipo penye silaha.

Sheria ya mwaka 1989, iliyochukua mahali pa ile ya kikoloni ya mwaka 1949, iliweka milango mitatu ya kuingilia wodini. Mlango wa kwanza ni wa hiari. Mtu akijiona haji vizuri, huenda mwenyewe, na akitaka kutoka hutoa taarifa ya maandishi ya saa 72, kisha aende zake. Ni wangapi kati ya waliolazwa kwa hiari walioambiwa hivyo? Mlango wa pili ni wa asiye na hiari. Mume, mke au jamaa hupeleka ombi, na daktari hulitilia nguvu kwa maandishi. Muda wake uliwekwa: miezi sita, na hata ukiongezwa, jumla isizidi miezi kumi na miwili. Mlango wa tatu ni wa polisi. Afisa aweza kumchukua mtu anayemdhania kuwa mgonjwa wa akili na kuwa ni hatari kwake mwenyewe au kwa wengine, lakini ni lazima amfikishe hospitalini kabla ya saa 24 kwisha. Kituo cha polisi si mahali pa kumweka mgonjwa wa akili Ijumaa mpaka Jumatatu.

Na mlango huo wa tatu una upande ambao hausemwi. Sheria ilimpa polisi uwezo wa kumchukua pia mgonjwa anayetupwa au kuteswa na jamaa zake mwenyewe. Kwa hiyo kijana aliyefungwa mnyororo kwenye nguzo ya zizi huko kijijini ana sheria upande wake. Anayempita kila siku akienda kanisani na asiseme neno, huyo ndiye aliyepungukiwa.

Sheria nzuri, basi, na iliundwa hata Bodi ya Afya ya Akili ya kuzikagua hospitali. Lakini mwaka 2011 Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilichapisha uchunguzi wake juu ya huduma hizi na kuzieleza kuwa zimetupwa na dola yenyewe. Mei 2013 wagonjwa 40 walitoroka Mathari kwa mkupuo mmoja. Wengi waliipokea habari hiyo kama kichekesho. Sisi tuliisoma kama malalamiko yaliyoandikwa kwa miguu, kwa kuwa karatasi na kalamu wenyewe hawakuwa nazo. Mwaka 2020 jopokazi lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga liliishauri serikali kwamba afya ya akili itangazwe kuwa janga la kitaifa. Juni 2022 marekebisho ya sheria yakatiwa sahihi. Yanasema kwamba mgonjwa aelezwe matibabu yake na kuyakubali, siri zake zilindwe, asipigwe wala kunyanyaswa, na awe na msaidizi wa kumsemea anaposhindwa kusema mwenyewe. Kaunti nazo zikapewa wajibu wao. Huko nyuma, mwaka 2008, nchi yetu ilikwisha kuuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, na ulemavu wa akili umo ndani yake.

Juu ya yote iko Katiba. Ibara ya 54 yataka mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima, na aitwe kwa jina lisilomdhalilisha. Tunawaomba wahubiri mlishike hilo, maana neno “kichaa” limetumiwa mno madhabahuni kama mfano wa kuchekesha. Ibara ya 29 yakataza mateso na ukatili. Ibara ya 25 yasema katazo hilo halina mpaka wala kisingizio: si upungufu wa fedha, si wodi kujaa, si usiku wa zamu yenye muuguzi mmoja.

Lipo kundi jingine ambalo hali yake ni nzito zaidi, nalo ni la wale walioshtakiwa kwa makosa ya jinai na mahakama ikaona kwamba walikuwa wagonjwa walipoyatenda. Kifungu cha 166 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kilielekeza watu hao wazuiliwe kwa radhi ya Rais. Ripoti ya kwanza juu ya hali ya mtu huyo ilipaswa kutolewa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Fikirini: mwizi aliyehukumiwa miaka saba ajua siku yake ya kutoka; mgonjwa ambaye mahakama yenyewe imekiri kwamba hakuwa na akili yake hukaa mpaka Ikulu ikumbuke.

Mwaka 2016 jambo hilo lilifika mbele ya Mahakama Kuu papa hapa Meru, mwendo mfupi kutoka tulipoketi. Jaji aliamua kwamba kumzuilia mtu bila kikomo, kwa radhi ya Rais, ni ukatili na udhalilishaji, na ni kinyume cha Katiba. Hukumu hiyo imekuwa ikitajwa na mahakama nyingine tangu siku ile. Twataka watu wa Meru waijue na kuionea fahari, kama wanavyoionea fahari kahawa na chai yao. Sisi tuliopiga kelele miaka ya tisini kwamba Rais asiwe na uwezo wa kumfunga mtu kwa neno la kinywa chake, tuliuacha uwezo huo huo ukisimama robo karne juu ya vichwa vya wagonjwa. Hukumu hii ilitusahihisha.

Na tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba kifungu cha 226 cha kanuni ya adhabu, kilichomfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua, ni kinyume cha Katiba. Kabla ya hapo mtu aliweza kuokolewa na daktari asubuhi na kutiwa pingu jioni, akikabiliwa na kifungo kisichozidi miaka miwili. Kwa sababu hiyo jamaa wengi waliwaficha wagonjwa wao nyumbani, wakaogopa hospitali kuliko walivyoogopa ugonjwa.

Twajua mnalotaka kuuliza, kwa kuwa tumeulizwa kila tulikokwenda. Je, tunataka milango ya wodi ifunguliwe, watu warudi vijijini wakiwa na mapanga? Hapana. Kuna saa ambapo mtu hana budi kuzuiliwa ili asijidhuru wala asimdhuru mwanawe, na mama aliyekesha usiku mzima akimshika kijana wake hahitaji hotuba ya wakili. Tunalosema ni kwamba kuzuiliwa huko kuwe na maandishi, kuwe na muda, na kuwe na mtu asiyekuwa wa hospitali wala wa ukoo anayeweza kuuliza. Mahabusu wa wizi wa kuku hupata hayo yote. Wala hatuwalaumu wauguzi. Mara nyingi tumewakuta wakinunua sabuni ya wagonjwa kwa fedha zao.

Kanisa nalo linatuhusu, na twasema haya tukiwa ni watoto wake. Maombi ni dawa, hatubishani. Lakini twajua mahali ambapo mgonjwa hufungwa kamba siku tatu bila chakula ili pepo atoke, na anapolia huambiwa kwamba ni pepo anayelia. Kumfunga mtu namna hiyo ni kosa la jinai, na joho la mchungaji halilifuniki. Apelekwe kwa daktari, nanyi mkamwombee huko huko.

Sasa tufanye nini? Miaka ile tuliwatembelea wafungwa wa kisiasa tukiwa na daftari. Tulifanya hivyo kwa sababu tulijua kwamba mtu ambaye jina lake limeandikwa mahali nje ya gereza ni vigumu kusahauliwa. Tufanye vivyo hivyo. Watu wawili au watatu wa kila kanisa, kwa ruhusa ya hospitali, waende wodini mara moja kwa mwezi, huku Meru na kule Embu, na wanaofika Nairobi wapite Mathari. Wasiende kuhubiri tu. Waulize, kwa adabu: Mgonjwa huyu aliingia kwa mlango gani? Karatasi yake iko wapi? Muda wake waisha lini? Nani alikuja kumwona mara ya mwisho? Na wamwulize mgonjwa mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, si ile tunayoitumia kwa watoto, kama ameelezwa dawa anazomeza. Asiyetaka kujibu aachwe. Atakayekubali jina lake liandikwe, liandikwe, na daftari lifungiwe kabatini, maana ugonjwa wa mtu si habari ya kusimuliwa njiani.

Mkikuta muda umepita au karatasi haipo, msipige kelele wodini. Andikeni barua. Barua ikipuuzwa, Ibara ya 22 yamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kwa niaba ya asiyeweza kwenda mwenyewe, bila ada ya kufungulia shauri, na mahakama yaweza kupokea hata maandishi yasiyo na umbo la kiwakili. Kadhalika Ibara ya 51 yampa kila aliyezuiliwa haki ya kuomba aletwe mbele ya jaji, nayo Ibara ya 25 yasema haki hiyo haiwezi kupunguzwa. Wapo mawakili wachache wa mji huu walioahidi kuzipokea kesi hizi bila malipo, na sisi tumo.

Mwalimu yule hatukuhitaji hata kumpeleka mahakamani. Tuliandika ukurasa mmoja, tukaeleza kwamba, kwa mlango wowote alioingilia, miezi kumi na miwili ilikuwa imepita, na tukaomba tuoneshwe karatasi. Siku ya tisa dada yake alipigiwa simu aje kumchukua. Anameza dawa zake mpaka leo, na wakati mwingine hurudi hospitalini mwenyewe, kwa mlango wa hiari, anapohisi sauti zinakaribia. Kesi ya shamba ingali mahakamani, kwa kuwa kesi za mashamba hazina haraka. Alipoitwa kutoa ushahidi aliomba kalamu, akaandika jina lake mbele ya hakimu kwa hati ambayo wengi wetu hatuna.

Daftari la kwanza liko mezani kwa katibu, karibu na mlango. Wanaotaka kwenda wodini mwezi ujao waandike majina na makanisa yao kabla hatujaondoka, na akina mama wanaoleta sabuni na nguo wamwone yeye yeye.